Wiki moja tu ya misioni, itasaidia nini?

Dada, umeuliza wiki moja na vijana wa kanisa kule Buhene, karibu na Goma Kongo, itasaidia nini na utawaambia watu nini. Mimi nilienda 2021, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22 mwezi wa tano, tukafika na magunia ya nguo na mahubiri tayari kwa karatasi, sasa kuna mama anachokora mahali nyumba yake ilikuwa, lava bado inatoa moshi, mi namwambia Mungu ana mpango, akaniangalia weee, akasema kijana nishikie hii bidoni (dumu la maji). Nikashika. Njiani kwenda kuchota maji ndo akaanza kunieleza habari zake mwenyewe, sikuuliza.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno (wiki yako ileile!), shida ilikuja walipofungua mdomo.

Picha achana nazo. Unga na makaa nunueni hukohuko kwa wamama wa soko, nao wapate kitu. Na usiahidi kurudi kama huna uhakika, watoto wanahesabu siku. Uvae viatu vya kufunga, yale mawe yanakata kabisa.