Maswali yenu kuhusu Sir Ralph Verney: acheni cheo, ulizeni nani aliokoa shamba

Tangu nianze kuandika kuhusu Sir Ralph Verney, baroneti wa Claydon kule Buckinghamshire, Uingereza (1613 hadi 1696), maswali yamemiminika. Nimechagua yale yanayotupeleka mahali, na mawili matatu ya kizembe nimeyaweka makusudi ili yasirudi tena.

Sir Ralph alikuwa Lord wa wapi?

Hakuwa Lord wa popote. Hili nimeshalijibu na bado linakuja kila wiki kwa hiyo leo naliweka juu kabisa. Baroneti ni cheo cha kurithi, kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, mwenye nacho anaitwa Sir, lakini hakimpi kiti pamoja na malodi, akitaka ubunge anagombea kama wenzake. Mfalme James wa Kwanza alikianzisha mwaka 1611 kwa sababu alikuwa anatafuta hela, kila aliyepewa alitakiwa kutoa pauni 1,095, hesabu ya kulipa askari 30 kule Ulster, kaskazini mwa Ireland, kwa miaka mitatu. Sir Ralph alikipata Machi 1661, Charles wa Pili akiwa amerudi kwenye kiti cha ufalme mwaka uliotangulia. Alikuwa na miaka 47. Yaani vita, kukimbia nchi, kufiwa na mke na kufungwa vyote vilishampitia kabla ya hicho cheo mnachokiulizia, na mtu anayesoma habari zake kuanzia kwenye cheo ameanzia mwisho.

Mbona baba yake naye ni Sir, na unasema hakuwa baroneti?

Alikuwa naiti, naye naiti anaitwa Sir. Unaiti unaisha na mwenyewe akifa, haurithiwi. Basi.

Ni kweli baba na mtoto walipigana vitani?

Hawakupigana. Walisimama pande mbili tofauti, na inauma zaidi ukijua jinsi walivyopendana. Baba, Sir Edmund, alikuwa mshika bendera wa Mfalme Charles wa Kwanza. Ralph alikuwa mbunge wa Aylesbury, na wote wawili walikaa kwenye Bunge lile lile lililoanza 1640, mtoto akiandika kwa penseli kinachosemwa mle ndani, na maandishi hayo wanahistoria wanayatumia mpaka leo. Vita ya mfalme na Bunge ilipoiva mwaka 1642 Ralph akabaki na Bunge. Sir Edmund mwenyewe hakuamini ugomvi wa mfalme, alimwambia rafiki yake Edward Hyde kwamba angetamani mfalme akubali wanachotaka wabunge, ila amekula mkate wake na kumtumikia karibu miaka 30 na hawezi kufanya jambo la aibu kama kumtupa sasa. Akaenda. Akafa kwenye mapigano ya Edgehill tarehe 23 Oktoba 1642.

Ninachotaka mkione ni kilichofuata. Mwaka uliofuata Bunge likataka wabunge wake waape kiapo cha kuungana na Waskoti na kuligeuza kanisa la Uingereza lifuate mfumo wao. Ralph akakataa, dhamiri yake haikumruhusu. Huyu ni mtu aliyevumilia kutengana na baba yake kwa ajili ya Bunge hilo hilo! Akachukua familia wakahamia Blois, Ufaransa, Bunge likamvua ubunge 1645, halafu mali yake ikashikiliwa kama ya adui. Na mwaka 1655, ameshavumilia yote hayo, serikali ya Cromwell, jemadari wa Bunge aliyekuja kuitawala nchi, ikamtia ndani kwa kumshuku kuwa ni mtu wa mfalme. Mdogo wake Edmund, aliyepigania mfalme mpaka mwisho, alikuwa ameshauawa Drogheda, Ireland, 1649 mji ulipoangukia mikononi mwa jeshi la Cromwell. Kwa hiyo mkiniuliza Verney walikuwa upande gani, nawaambia ukoo huu ulilipa gharama za pande zote.

Nimesikia mkono wa Sir Edmund ulikutwa umeshika bendera. Ukweli?

Ni simulizi ya ukoo. Mwili wake haukupatikana, hilo ndilo la uhakika.

Ralph alioa mtoto wa miaka 13?

Ndiyo. Mei 1629, yeye ana 15, Mary Blacknall ana 13. Sheria ya kule iliruhusu msichana kuanzia miaka 12. Mary alikuwa yatima mwenye mali, na binti yatima mwenye mali wakati ule aligombewa kama kiwanja cha kona, ndugu wanalipa ili wapate usimamizi wake na wakishaupata wanampangia mume. Walipendana sana baadaye, barua zinaonyesha wazi, lakini msinitumie tena ujumbe wa "mbona ilienda vizuri" kama hoja ya kuozesha watoto. Mary aliwazika watoto wa kwanza akiwa bado msichana mdogo. Sikubali.

Umesema Ralph aliokoa shamba la Claydon. Aliwezaje akiwa Ufaransa?

Sikusema Ralph! Rudi kasome. Aliyeokoa ni Mary, na hapa nitachukua nafasi kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Mwishoni mwa 1646 Ralph hawezi kurudi, anaogopa kukamatwa na wanaomdai. Mjomba wake, Dk. William Denton, daktari wa London aliyejua mambo ya mjini, akamwandikia kwamba wanawake hawajawahi kuwa na faida kama wakati huu, kwamba wenye busara wanawaelekeza wake zao halafu wanawaacha wakahangaike wenyewe na kamati za Bunge zilizoshikilia mali. Basi Mary akapanda meli kwenda Uingereza akiwa mjamzito, mume na watoto wawili wamebaki Blois. Akaanza kazi ya kugonga milango ya waheshimiwa, anambembeleza huyu, anamsubiri yule, anatafuta mke wa mbunge fulani amsemee, usiku anaandika barua kwa herufi za siri kwa sababu barua zilifunguliwa njiani. Juni 1647 akajifungua mtoto wa kiume akamwita Ralph. Mtoto akafa kabla mwaka haujaisha, na majira hayo hayo habari ikaja kutoka Blois kwamba binti yao Peg naye amefariki. Watoto wawili, nchi mbili, mama hawezi kumzika mmoja na baba hawezi kumzika mwingine.

Akaugua. Akaamka akarudi kwenye kesi. Januari 1648 Bunge likaiachia mali.

Halafu akamchukua mtoto wao John aliyekuwa ameachwa Claydon, akarudi naye Ufaransa, na mwaka 1650 akafa huko huko Blois ana miaka 34. Ralph alimrudisha Claydon akazikwe kwao, na hakuoa tena, aliishi miaka 46 mjane. Sasa jamani, ubaroneti wa 1661 ungekuja vipi kwa mtu asiye na shamba? Nani alilibakisha shamba? Kwenye orodha ya mabaroneti jina la Mary halimo, na ndiyo maana nagomba kila mara kuhusu kusoma koo kwa vyeo. Na nyie mnaoandika historia za koo zenu mkaanza na babu mkamaliza na babu, mama zenu wakubwa wapo hai, nendeni mkawaulize nani alifuatilia hati ya shamba.

Kwa nini dada zake Ralph waliolewa kwa shida?

Madeni. Wadogo zake wa kike walikuwa sita, na mahari ya kule ilitoka upande wa binti kwenda kwa mume, bila fungu hupati mchumba wa maana. Baba yao aliliweka fungu lao kwenye ushuru wa vitambaa, haki aliyoipata kwa mkono wa mfalme. Vita ikaja, ushuru ukakauka, mabinti wakabaki kwenye nyumba yenye giza Claydon, kaka yao yuko ng'ambo na baba kafa. Juu ya hapo Ralph alikuwa mdhamini wa madeni ya baba yake, akayarithi yote. Hukuniuliza ila nakwambia: fungu la watoto usiliweke lote kwenye kitu kinachotegemea fadhila ya mkubwa mmoja serikalini, na karatasi ya udhamini usiisaini kwa kuwa tu aliyekuomba ni mzee wako.

Yule Tom unayemtaja alikuwa nani?

Mdogo wake anayemfuata, Thomas, bingwa wa kuombaomba hela. Walimpeleka Virginia mwaka 1634 akiwa na miaka 19, akarudi. Wakampeleka Barbados, kutoka huko akaandika barua nzuri sana ya kusifia kisiwa, na ndani yake anaomba atumiwe watumishi na vifaa. Akarudi, akafungwa kwa madeni, akaandika tena kwa lugha ya dini na toba ili hela itoke. Aliendelea hivyo maisha yake yote na alifika miaka 92, alikufa 1707, kaka mtu akiwa ameshatangulia. Watu wanacheka wakisoma barua zake, mimi namhurumia Ralph, kwa sababu alimkaripia kwa maandishi na bado hakumwacha afe njaa.

Kuna mtu anasema kwenye ukoo huo kulikuwa na haramia wa baharini aliyesilimu. Uongo?

Haramia yupo kweli. Sir Francis Verney, baba mkubwa wa Ralph, kwa maana Sir Edmund na yeye ni baba mmoja mama mbalimbali. Chanzo ni mirathi: baba yao alipitisha sheria bungeni ili mdogo apate sehemu ya ardhi, Francis alipokua akajaribu kuivunja akashindwa, akauza alichonacho, akaondoka akaishia kwa maharamia wa pwani ya kaskazini mwa Afrika. Alifia hospitali Messina, Italia, mwaka 1615. Kusilimu kulisemwa na watu wa wakati wake, na Wazungu wa enzi hizo walimsema hivyo kila aliyeshika upande wa Algiers au Tunis, kwa hiyo usilibebe kama uhakika. Kilichorudi nyumbani ni kilemba na viatu vyake.

Sir Ralph anaonekana mtu mwema. Kosa lake lipi?

Elimu ya mabinti, na kwa hili simwonei haya. Binti wa Dk. Denton, Nancy, ambaye Ralph alikuwa baba yake wa ubatizo, alitaka kusoma Kilatini. Ralph akaandika kwa wazazi na kwa mtoto kwamba msichana inamtosha Biblia na katekisimu kwa lugha ya nyumbani, Kilatini hapana. Nancy akajibu kwamba kwa Kifaransa mtanizidi, ila ninakoenda natumaini kuwazidi kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Mtoto mdogo! Na Ralph huyo huyo mke wake ndiye aliyepambana na kamati za Bunge zima. Aliyaona kwa macho na hakujifunza.

Cheo kilienda kwa nani, na naweza kununua ubaroneti leo?

Mtoto mkubwa, Edmund, alifariki 1688 kabla ya baba, watoto wake wa kiume nao hawakudumu, kwa hiyo cheo kikaenda kwa John, yule aliyebebwa na mama kwenda Blois. John alikuwa mfanyabiashara, alikaa Aleppo, Halab ya Waarabu, miaka 12 akinunua na kuuza, na mwaka 1703 akawa Viscount Fermanagh, cheo cha ulodi cha Ireland. Ubaroneti ukaisha 1791 mzao wa mwisho wa kiume alipokufa na madeni makubwa.

Kununua, hapana. Kuuza vyeo ni kosa la jinai Uingereza tangu sheria ya 1925, na hizo tovuti zinazokuuzia cheti cha "Sir" kwa dola kadhaa zinakuibia tu.

Florence Nightingale ni kizazi chao?

Hapana. Dada wa muuguzi huyo mashuhuri, Parthenope, aliolewa 1858 na Sir Harry Verney, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Calvert na alichukua jina la Verney ili arithi Claydon. Kumbukeni tu kwamba Parthenope ndiye aliyekaa akapanga zile barua za karne ya 17 mpaka zikasomeka, na ugonjwa ulikuwa umemkunja vibaya wakati anafanya kazi hiyo.