Kona ya Bibi Mkasi: Majina tu, na moyo unadunda

Shikamoo Bibi Mkasi. Mimi na mke wangu tunapenda filamu za taharuki, ila kuna jambo linatushangaza. Majina ya waigizaji ndiyo kwanza yanapita, hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyefungua kinywa, na tayari mke wangu ananiambia niwashe taa. Nikimuuliza anaogopa nini, hajui. Kusema kweli hata mimi roho haijatulia, ila mimi sisemi. Majina ya watu yanatishaje?
*Mume Asiyesema*

Marahaba, mwanangu. Washa taa, usimcheke.

Nimekata filamu miaka mingi, tangu enzi za mkasi na utepe wa kuungia hadi hizi za kompyuta, na kwa muda mrefu majina ya mwanzo ndiyo kazi niliyoidharau kuliko zote. Niliyaona kama foleni: watu lazima watajwe, basi watajwe haraka tuanze shughuli. Nilibadilika siku nilipoyaharibu.

Ilikuwa filamu ya mwanamke anayeishi peke yake katika nyumba ya ghorofa. Mtayarishaji alitaka majina mekundu yanayochuruzika kama damu, na chini yake ngurumo nzito. Nikafanya alivyotaka. Siku ya kuwaonyesha watu wachache, jina la kwanza lilipoanza kudondoka, kijana mmoja wa safu ya mbele akacheka, na kicheko kikaambukiza. Nusu saa nzima tulishindwa kuwarudisha. Tulikuwa tumewaambia kwa sauti kubwa "ogopeni sasa", na mtu ukimwambia aogope hujikagua, akijikagua hukuta haogopi.

Nikarudi mezani. Nikatoa damu, nikatoa ngurumo. Nikaokota kipande ambacho mpiga picha alikipiga akisubiri taa zirekebishwe: mlango uliofungwa, sekunde 40, kamera haitikisiki. Majina nikayaweka kushoto, meupe, madogo. Kitasa cha mlango kilikuwa kulia. Sauti niliyoiacha ni ya bomba linalodondosha maji mahali fulani, na mara moja tu, katikati, kiti kinaburuzwa ghorofani. Tulipoonyesha tena, hakuna aliyecheka. Baadaye nikawauliza nani ameiongoza filamu. Hakuna aliyekumbuka, ingawa jina walikuwa wamelisoma. Watu watatu wakaniapia kwamba kitasa kilisogea. Hakikusogea, mwanangu. Ninacho kipande hicho mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachomsumbua mke wako. Jicho haliwezi kusoma na kulinda kwa wakati mmoja. Herufi zikitokea kwenye skrini utazisoma tu, hata usipotaka. Kila ajuaye kusoma yumo katika utumwa huo. Kwa hiyo kila jina linakuvuta macho kutoka pale ulipotaka kuyaweka. Na picha iliyo nyuma ya majina haijakuambia kitu: humjui mwema, humjui mbaya, hujui hatari itatokea upande gani. Hadithi ikianza utapata mtu wa kumshika mkono. Kwenye majina huna mtu. Umepewa karatasi usome ukiwa umesimama gizani katika nyumba usiyoijua.

Zamani watu hawakuyajali hata kidogo. Kumbi nyingi zilikuwa na mtindo wa kuyarusha juu ya pazia, kisha pazia lifunguliwe filamu "halisi" ianze. Mwaka 1955 makasha ya filamu ya The Man with the Golden Arm yalifika kwenye kumbi na maagizo kwa mwendesha mashine: fungua pazia kabla ya majina. Aliyebuni majina hayo ni Saul Bass, Mmarekani, mchoraji wa matangazo kwa kazi yake. Miaka mitano baadaye akafanya ya Psycho, na hayo nayarudia kila mwaka kama mtu anayerudia somo.

Yatazame bila kuharakisha. Skrini nyeusi. Mistari ya kijivu inaingia kwa kasi, mara imelala, mara imesimama, imebeba vipande vya herufi. Vipande vinakutana, jina linasomeka kwa nukta moja, kisha linakatwa. Muziki wa Bernard Herrmann ni wa ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala tarumbeta, na zile nyuzi zinapigwa kama kitu kinachokimbizwa. Hakuna kisu. Hakuna damu. Lakini kazi ile ndogo ya kusoma, uliyoizoea tangu utotoni, inakatizwa tena na tena kabla hujaimaliza. Kisha unaonyeshwa mji mchana kweupe, na maandishi yanakutajia siku, tarehe na saa: Ijumaa, Desemba 11, saa nane na dakika 43. Taarifa kavu kama ya karani. Mwili, lakini, umeshapata habari nyingine.

Kyle Cooper, mbunifu mwingine wa majina, alikwenda mbali zaidi mwaka 1995 katika Se7en ya David Fincher. Tumemwacha mpelelezi kitandani, kidude cha kupimia mapigo ya muziki kinagonga, tak, tak, halafu tunaingia kwenye majina yanayotetemeka, mengine yamekwaruzwa kwa mkono, yanaruka kana kwamba utepe umekwama kwenye mashine. Nyuma yake mikono ya mtu inashona daftari, inakata picha, inajikwangua ngozi ya ncha za vidole kwa wembe. Watu husifu ule wembe. Mimi nasifu uzi na sindano: mtu huyu ana subira, ana kazi anayoipenda, na wewe unasoma maandishi yanayofanana na yake. Hujamwona uso, ila mwandiko wake umekwisha kukuingia kichwani.

Sasa nitakuchanganya, maana ipo inayotisha kwa kufanya kinyume cha haya yote. The Shining ya 1980: milima, ziwa, anga safi, gari dogo la njano kwenye barabara ndefu, limepigwa kutoka kwenye helikopta. Herufi ni safi, zinasomeka vizuri. Ila zinapanda kutoka chini kwenda juu, mfululizo, namna ambayo tumezoea kuiona filamu ikiisha. Familia haijafika hotelini na orodha inapita kama vile mambo yamekwisha. Muziki wa Wendy Carlos na Rachel Elkind umejengwa juu ya Dies Irae, wimbo wa kale wa Kikatoliki wa misa ya wafu, na hata asiyeujua wimbo huo anasikia kwamba umekuja mazikoni. Kuna mahali kamera inalikaribia gari kwa nyuma, unadhani italifuata, halafu inalipita na kuelea nje ya barabara, juu ya bonde. Ni nani huyo anayeruka? Hadi leo nikifika hapo naegemea upande mmoja wa kiti kama abiria.

Na ile iliyoufanya mlango wangu uonekane mtoto ni Caché ya Michael Haneke, ya 2005. Nyumba moja, mtaa mmoja, kamera imesimama, hakuna muziki. Majina yanachapwa kwa herufi ndogo sana, mstari juu ya mstari, hadi yanajaa skrini kama ukurasa wa kitabu. Unasogea mbele usome. Yakifutika, nyumba bado ipo palepale. Punde unasikia watu wakizungumza, na picha yenyewe inaanza kurudishwa nyuma, mistari inapita kati yake: kumbe ulikuwa unatazama kanda iliyorekodiwa na mtu aliyekuwa akiipeleleza nyumba hiyo. Wewe ulikuwa unasoma. Yeye alikuwa anatazama.

Juu ya jambo hili nina ugomvi wa zamani na wenzangu. Touch of Evil ya Orson Welles, 1958, inaanza na bomu kutegwa ndani ya gari, kisha kamera inalifuata gari lile mjini zaidi ya dakika tatu bila kukata. Studio ikabandika majina na muziki wa Henry Mancini juu yake. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kuhusu namna filamu ilivyohaririwa, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch akaihariri upya kwa kufuata waraka huo: majina yakatoka, muziki ukapisha sauti za mtaani. Wahariri wote ninaowafahamu husema ndiyo sahihi. Mimi nakubali kuhusu muziki. Kuhusu majina, nisameheni: gari lina bomu, nataka kuliona, na kuna jina la mtu limenizibia njia! Studio ilipatia kwa bahati mbaya. Nimeshanyimwa chai kwa maoni haya.

Kwa hiyo, Mume Asiyesema, fanya jaribio. Safari nyingine mke wako asome majina kwa sauti, wewe utazame picha tu, kisha mbadilishane. Niandikieni nani aliogopa zaidi. Nadhani najua, lakini nasubiri barua.

Bibi Mkasi, nahariri filamu yangu ya kwanza ya taharuki, ya dakika 12. Majina ya mwanzo yachukue muda gani? Rafiki zangu wanasema nisiweke kabisa.
*Mwanafunzi wa Kukata*

Dakika 12 ni chache. Ukila mbili kwa majina, mtazamaji ataona unajisifu. Weka jina la filamu na la mwongozaji, basi. Wengine watajwe mwishoni. Lakini hayo mawili usiyabandike juu ya skrini nyeusi. Yabandike juu ya picha ambayo mtu angependa kuiangalia vizuri, na kila jina likae pale anapotaka kuangalia. Sauti ianze kabla ya picha. Na usiniletee herufi za damu.

Shikamoo Bibi. Kuna kitufe cha kuruka majina. Nikibonyeza nakosa nini?
*Mwenye Haraka*

Marahaba. Kwenye filamu nyingi hukosi kitu, bonyeza tu, mimi mwenyewe hubonyeza. Kwenye Se7en ningekuzuia mkono. Pale kuna jina moja ambalo halimo kabisa, la mwigizaji wa muuaji. Liliachwa makusudi, likawekwa mwishoni, ili usikae ukumbini ukihesabu nani hajatokea bado. Yasome yote mara moja, kwa utulivu, huku ile mikono ikiendelea kushona.