Naenda ufuoni lakini akili haitulii

SWALI: Mimi ni karani mjini Lamu. Nimeshauriwa nirudi kwenye maumbile nipate utulivu wa moyo. Kila Jumapili alfajiri natembea hadi Shela, nakaa mchangani saa nzima nikijaribu kutofikiri chochote. Narudi kichwa kizito kuliko nilivyokwenda. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kosa liko katika huko kujaribu kutofikiri. Ukiikataza akili wazo, hulichungulia kila mara ihakikishe limeondoka, na kulichungulia ndiko kulirudisha. Ipe kazi nyepesi. Fuata kwa macho povu la wimbi moja hadi linywewe na mchanga, kisha jingine. Au tafuta sauti tatu, ukianza na ya mbali kabisa. Wazo likija usipigane nalo. Rudisha macho kwenye wimbi. Utarudisha mara hamsini, na huko kurudisha ndiko zoezi lenyewe.

Tangulia na dakika tano za pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai, ukihesabu sita. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Wakati wa kutoa pumzi mapigo ya moyo hupungua, ndiyo maana kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wengi huharibu kwa kuvuta kwa nguvu: hewa ya kaboni mwilini hupungua mno, kichwa huzunguka, vidole huingia ganzi, na mtu hudhani wasiwasi umezidi. Vuta kidogo tu.

Kisha saa ya kwenda, ambayo kwa Lamu ni nusu ya kazi. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kuelekea saa kumi na moja alfajiri. Njia ya pwani ya Shela huwa finyu au imefunikwa, na mtu anayechunga asiteleze hawezi kutulia. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kama tarehe 8 au 23 za mwezi wa kuandama, alfajiri maji yako chini na pwani ni pana. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi panga kwa mwezi wa angani, si kwa Jumapili.

Siku za bamvua, au kusi linapokaza na mchanga kupiga usoni, kaa shambani chini ya mnazi usiokuwa na nazi mbivu, au chini ya mwembe. Mkondo wa bahari kati ya Shela na kisiwa cha Manda usiuogelee peke yako. Maji yake huvuta.

Utafiti wa mwaka 2019 Uingereza, wa watu karibu 20,000, ulikuta kwamba waliokaa kwenye maumbile dakika 120 au zaidi kwa wiki walieleza hali njema kuliko wasiotoka kabisa, iwe kwa safari moja au kwa vipande. Hauthibitishi kwamba maumbile ndiyo sababu, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwako ningechagua dakika 20 kwa siku sita, simu ikiwa imezimwa sauti.

Usingizi au hamu ya chakula ikikutoka kwa majuma mawili, au ukiwaza kujidhuru, usingoje maji yapwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.