Duara la Milimita 14, Je, ni la Mpera au la Spiriti?

Msomaji wetu, mwanafunzi wa chuo, ameandika kwa furaha: karatasi yenye dawa ya majani ya mpera imemtolea duara safi la milimita 14, yaani eneo lisiloota kitu, katikati ya bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Anauliza hatua inayofuata. Nasi tunamuuliza: karatasi yenye ethanoli (spiriti) tupu ilitoa milimita ngapi? Hakuiweka. Inatuuma, maana kazi nyingi nzuri za mitishamba hufia hapo.

Ethanoli yenyewe huua bakteria. Karatasi ikibandikwa mbichi, duara laweza kuwa la spiriti.

Anza upya hivi. Tawi lenye maua libanwe, likaushwe, lipelekwe hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya chuo kikuu ili mmea utambuliwe. Jina la kienyeji pekee halitoshi, kwani hubadilika kijiji kwa kijiji. Majani yakauke kivulini, kisha yasage. Gramu 10 za unga ziloweke katika mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70 kwa siku 3, ukitikisa mara kwa mara. Chuja, kausha kwenye nyuzi 40 hivi, pima masalia, uyayeyushe miligramu 100 kwa kila mililita ya ethanoli hiyo. Kitunguu saumu hakifuati njia hii: alisini, kiini chake kinachoua bakteria, huzaliwa kikipondwa na huharibiwa na joto, kwa hiyo kiponde kibichi, ukitumie siku hiyohiyo.

Kitoboleo cha karatasi cha ofisini hutoa vipande vya karibu milimita 6 kutoka karatasi ya kuchujia. Vitakase kwa nyuzi 121, dakika 15, vikauke. Kila kimoja kipate mikrolita 10, yaani miligramu 1 ya dawa, kisha kiachwe hadi harufu ya spiriti iishe kabisa.

Bakteria ndio huwaponza wengi. Weupe wa maji yenye bakteria ulingane na McFarland 0.5, kipimo cha weupe huo, takriban bakteria milioni 150 kwa mililita. Wakizidi, duara husinyaa. Wakipungua, duara hutanuka na kukudanganya. Wapake ndani ya dakika 15 juu ya agari ya Mueller-Hinton (jeli ya kukuzia bakteria) yenye kina cha milimita 4. Kila sahani iwe na dawa yako, kiyeyusho kitupu kilichokaushwa vilevile, na jentamisini, antibiotiki ya kulinganishia, ya mikrogramu 10. Ziweke kwenye nyuzi 35 kwa muda wa saa 16 hadi 18, sahani tatu.

Duara lisipotokea usiutupe mmea. Tanini, ambazo mpera unazo tele, husambaa kwa shida ndani ya agari. Jaribu mchuzi wa bakteria (kimiminika cha kuwakuzia) katika sahani ya visima vidogo 96, ukipunguza dawa kwa nusu kila kisima, kisha tia resazurini, rangi ya kupimia uhai: ikibaki buluu, bakteria wamezuiwa, ikiwa waridi, wanaishi.

Staphylococcus si wa jikoni. Shuleni tumieni Bacillus subtilis, chini ya mwalimu, na sahani zichemshwe kwa presha nyuzi 121 kabla ya kutupwa.