Jibu: Picha ya mishipa ya jicho bila sindano, inatosha au lazima ile ya rangi?

Mdogo wangu, pole kwa mashaka, na umefanya vizuri kumpeleka mama kabla hajaanza kupapasa ukuta. Umeuliza hivi: mama ana kisukari cha miaka mingi, daktari wa macho ameandika apigwe picha ya mishipa ya damu ya jicho bila kuchomwa kitu, na nyumbani mnabishana kama hicho ni kipimo kamili au ni cha kuongeza bili, maana jirani yenu yeye alichomwa rangi ya njano mkononi. Umesema pia mama aliwahi kuvimba uso baada ya sindano ya dawa nyingine. Mimi nimepitia vyote viwili. Ile ya rangi nilipigwa 2016, hii ya bila sindano nimepigwa mara 3 tangu 2021.

Ni fundi cherehani, niko Morogoro, na kisukari changu kiligunduliwa 2007. Dalili yangu ya kwanza haikuwa maumivu, kwa sababu kisukari kikila jicho hakiumi. Ilikuwa chaki. Napiga mstari kwa rula kwenye kitenge, naujua umenyooka, lakini nikiutazama kwa jicho la kushoto unajipinda katikati kama pindo lililovutwa uzi. Nikabadili rula. Nikabadili miwani. Nilipofika kwa daktari wa retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, uvimbe ulikuwa umeshakaa pale pale penye kitovu cha kuonea.

Ndipo nikapigwa ya rangi. Wanakuwekea kanula, wanasukuma fluoresini, taa zinazimwa na kamera inawaka mwanga wa bluu. Rangi inatoka mkononi, inapita moyoni, inafika jichoni ndani ya sekunde 10 hadi 15 hivi, kisha wanaendelea kupiga picha kwa dakika kama 10. Nilipata kichefuchefu kikapita. Ngozi ikageuka njano, mkojo ukawa wa rangi kali hadi kesho yake, na binti yangu ambaye hakuambiwa alidhani nimepata manjano. Kwa watu wengi inaishia hapo. Mzio mkali hutokea mara chache sana, lakini hutokea, ndiyo maana dawa za dharura hukaa pembeni. Kwa hiyo habari ya mama kuvimba uso msiichukulie kama stori ya zamani. Mwambieni daktari, mtajieni na dawa yenyewe kama mnaikumbuka. Huenda ameshaiona kwenye faili na ndiyo sababu ya kuanza na ile isiyo na sindano.

Kwangu ile rangi ilionyesha kitu kimoja ambacho nisingekiona kwa njia nyingine: mahali panapovuja. Vishipa vilikuwa na vifuko vidogo, na rangi ikawa inatoka na kutanda taratibu kama wino kwenye kitambaa chepesi. Nikaanza sindano za Avastin, dawa ya kupunguza kuvuja, ndani ya jicho. Uvimbe ukashuka, mstari wa chaki ukanyooka kiasi.

Kiasi tu, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Miaka ikapita, kila nikienda kliniki naambiwa retina imekauka, hakuna maji, lakini jicho la kushoto haliuoni tundu la sindano hata nikiwasha taa mbili. Nilinunua miwani 3 tofauti. Nikaanza kudhani zile sindano ndizo zilizoniharibu, na niliwahi kumwambia mwenzangu mmoja asikubali kuchomwa. Najuta kwa maneno yale hadi leo.

2021 daktari akaniandikia hii wanayoiita OCTA. Unakaa, unaweka kidevu, unatazama alama iliyo ndani ya mashine, sekunde chache jicho moja, sekunde chache la pili. Hakuna kinachokugusa. Nilimuuliza inaonaje damu bila rangi, akanieleza kwa subira, nami nilielewa hivi. Fikiria umesimama ghorofani pale Msamvu, unapiga picha ya barabara ile ile mara mbili mfululizo. Nyumba, nguzo na miti vimekaa palepale, bodaboda zimehama. Ukifuta kila kisichohama, zinabaki njia zinazopitwa na bodaboda. Mashine inapitisha mwanga usioonekana kwenye mstari ule ule wa retina mara kadhaa, kwa tofauti ya muda mdogo mno, kisha inalinganisha. Nyama ya jicho haijabadilika. Chembe nyekundu za damu zimesogea. Kinachochorwa ni njia zao.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba inatenganisha matabaka. Picha ya rangi inakuonyesha kitambaa na bitana vimelaliana, lakini hii inakufungulia bitana peke yake. Mishipa ya retina iko kwa tabaka, na kwa wenye kisukari lile tabaka la chini mara nyingi huanza kuharibika mapema.

Akanionyesha picha zangu. Katikati ya retina kila mtu ana kiduara kisicho na mishipa, upana kama nusu milimita, ili mwanga ufike bila kuzibwa pale tunapoonea vitu vidogo. Kwenye jicho langu la kulia kilikuwa kidogo na mviringo. Kwenye la kushoto kilikuwa kipana, kingo zimechanika, na pembeni yake kuna viraka visivyo na njia hata moja. Akasema, "Mama, uvimbe umekwisha kweli. Ila hapa damu haifiki tena. Hilo miwani haitalirudisha."

Nililia pale pale kwenye kiti. Lakini baada ya hapo niliacha kununua miwani, nikaacha kuzilaani sindano, na kazi ya kutunga uzi nikamwachia binti yangu. Kipimo kile hakikunitibu chochote. Kiliniambia ukweli ambao miaka 5 nilikuwa nautafuta dukani kwa wauza miwani, na kilitufanya tulikazie macho la kulia.

Sasa kasoro zake, maana nazo zimenipata.

2023 nilipigwa sehemu nyingine, siku yenye foleni ndefu, kijana wa mashine ana haraka. Jicho la kulia lilikuwa kavu na lina mtoto wa jicho aliyeanza. Karatasi ikatoka na kiraka cheusi, nikaambiwa mishipa ya jicho langu lile lililo salama nayo imekufa. Siku mbili sikulala, nilikuwa nawaza nitafunga duka. Daktari wangu alipoziangalia hakuanza na kiraka, alianza na namba ya ubora wa picha iliyochapwa pembeni. Ilikuwa chini. Akafungua picha ya kawaida ya OCT, ile inayoonyesha unene na matabaka ya retina bila kuchora njia za damu, ya mahali pale pale, kivuli kikawa kipo na huko. Mtoto wa jicho ndiye aliyeziba mwanga. Nikawekewa matone ya kulainisha, na ya kupanua mboni, tukarudia mara mbili kwa kuweka kidevu vizuri. Kiraka kikatoweka karibu chote.

Rudi kwenye bodaboda zetu utaelewa ugumu mwingine. Bodaboda iliyokwama kwenye foleni haihami, kwa hiyo haichorwi. Damu inayotambaa polepole mno inaweza isionekane kabisa, na ukadhani mshipa haupo. Vile vifuko vidogo vya kisukari navyo, baadhi huonekana kwenye rangi na kukosekana hapa. Na usidhani inapima kasi ya damu. Inasema inapita au haipiti, basi. Kuna mashine za leza zinazosoma mwendo wenyewe, Japani wanazitumia, lakini siyo hii anayopigwa mama.

Haionyeshi kuvuja. Hilo ndilo kubwa, na ndilo jibu la swali lako la msingi. Uvimbe utaonekana kwenye OCT ya kawaida inayopigwa pamoja nayo, lakini ukitaka kujua ni mshipa upi unaomwaga, rangi bado ina kazi. Pia inakata kipande tu, mraba wa milimita 3, au 6, au 12 kwa mashine kubwa. Mishipa mipya mibaya inaweza kuota pembeni nje ya mraba huo. Kwa hiyo mama akipigwa picha nzuri namna gani, bado daktari ampanue mboni na kumtazama retina yote hadi ukingoni. Wakisema hakuna haja kwa kuwa picha ni safi, ombeni kwa heshima atazamwe.

Kwa hiyo hapana, siyo kipimo cha kuongeza bili. Ila kinajibu swali lake na ile ya rangi inajibu jingine. Muulize daktari, "Unatafuta nini kwenye jicho la mama?" Akisema anataka kujua kama damu inafika katikati, au kama kuna mishipa mipya pale anapopatilia shaka, hii inamfaa, na inaweza kurudiwa kila mara bila kumchosha. Akija kusema baadaye anahitaji rangi, msione mmedanganywa mwanzo. Ile ya rangi ina historia ndefu, wanafunzi wawili wa udaktari kule Indiana, Novotny na Alvis, waliitangaza 1961, wakati OCT yenyewe ilianza 1991 na hii ya mishipa imeingia kliniki miaka ya 2010. Madaktari bado wanazitumia zote.

Malipo ulizeni dirishani kabla hamjapanda basi. Kwangu bima ililipia OCT ya kawaida, hii ya mishipa nikatoa mfukoni. Mkimaliza ombeni nakala kwenye flashi, siyo karatasi tu, na mkirudi mwakani jitahidini iwe mashine ile ile na mraba wa ukubwa ule ule. Mraba wa 3 na wa 12 havilinganishiki, utaona mabadiliko yasiyokuwepo.

Mwambie mama usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba mashine haitamgusa jicho. Ataweka kidevu na paji la uso, atapepesa mara kadhaa, ataambiwa "usipepese", atatazama alama tu bila kuifuata mistari inayopita. Akiona ameyumba au amepepesa katikati, aseme, warudie. Wasiporudia, wewe uliyemsindikiza sema. Mbebeeni miwani ya jua na asirudi peke yake, matone ya kupanua mboni yanamwachia ukungu kwa saa kadhaa.