Re: Tinker Tailor imenichanganya, nisome kitabu kwanza?
Mkuu habari za jioni. Kumbe umeangalia muvi ya kijasusi Tinker Tailor Soldier Spy ya 2011 mara mbili na bado hutofautishi kinachotokea sasa na kumbukumbu. Kabla hujatafuta kitabu cheki miwani ya Smiley, yule jasusi mkuu wa hadithi. Mwanzoni akishaondolewa kazini anaenda kununua mpya, fremu kubwa, kwahiyo kila ukimwona na ile ya zamani ujue wameturudisha nyuma, mimi hilo ndo lilinifungua macho nikairudia yote usiku uleule hapa Sinza.

Kitabu cha John le Carré cha 1974 kisome tu hata baada ya muvi, ila usitegemee vifanane. Kitabuni Jim Prideaux, jasusi mwenzake Smiley, anapigwa risasi msituni Chekoslovakia, kwenye muvi wamempeleka mgahawani Budapest. Na kama umezoea Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Musiba, kitabuni humu mbio hakuna, Smiley anakaa hotelini usiku anapekua mafaili na wewe unasikia kabisa akili yake inavyounganisha vitu, hiyo raha muvi ya masaa mawili haiwezi kukupa. Kitabu kikikushinda tafuta tamthilia ya BBC ya 1979, Alec Guinness ndo Smiley, episodi saba, inaenda taratibu hupotei.