Inchi Ngapi Zinakutosha? Majibu kwa Maswali Yenu Kuhusu Urefu wa Wigi

Tangu tulipoandika juu ya namna ya kufua na kuanika mawigi, barua nyingi zinazotufikia zinahusu urefu. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake limo kosa ambalo karibu kila mnunuzi mgeni hulifanya.

*Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Niliagiza wigi kwa muuzaji wa mtandaoni, naye akaniuliza, "Saizi ngapi?" Nikaazima futi ya jirani yangu ambaye ni fundi cherehani, nikajizungushia kichwani, nikapata 22, nikamtumia namba hiyo. Wigi lililokuja limenipita kiuno, na mimi ni mfupi, kimo changu ni futi tano tu. Muuzaji anasema ameniletea nilichokitaja. Kosa ni la nani, na nifanye nini?*

Marahaba mdogo wangu. Wa kwanza kulaumiwa ni hilo neno "saizi", kwa maana wigi lina vipimo viwili visivyohusiana hata kidogo, lakini vyote viwili hutajwa kwa inchi na namba zake hukaribiana. Kipimo kimoja ni mzunguko wa kichwa, ambao kwa wanawake wengi huangukia kati ya inchi 21 na 23, na kingine ni urefu wa nywele, unaoanzia inchi 8 na kufika 30 au zaidi. Wewe ulipima mzunguko, naye akasoma urefu. Muuzaji aliyezoea kazi yake angekuuliza mambo mawili kwa majina yake, na hapo ndipo ninapomwekea yeye sehemu kubwa ya lawama, ijapokuwa nawe ungeweza kushtuka bei ilipotajwa.

Tuanze na kichwa, maana hicho umeshakipima na pengine umekipima vizuri. Nywele zako zilazwe kwanza kama zitakavyokuwa siku ya kulivaa wigi, na kwa walio wengi hiyo ina maana ya kusuka twende kilioni nyembamba. Ukipima ukiwa na mabutu au nywele zilizotimka unaongeza inchi nzima isiyo yako. Futi ianzie pale nywele zinapoota mbele, ipite juu kidogo ya sikio, ishuke hadi ukosini chini ya kisogo, kisha irudi upande wa pili mpaka ilipoanzia. Isikaze, kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Ukipata inchi 22, kichwa chako ni cha wastani, na mikanda iliyoshonwa nyuma ya wigi itamalizia kilichobaki. Angalia pia upande wa futi unaousoma, kwa sababu futi za mafundi wetu zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na inchi 22 ni karibu sentimita 56. Nimewahi kupokea oda ya kichwa cha "56" na nikalazimika kupiga simu kuulizia.

Urefu wa nywele haupimwi kichwani peke yake. Mwombe mtu asimame nyuma yako, nawe usimame wima ukitazama mbele, kwa kuwa ukiinamisha kichwa mgongo unarefuka. Ncha ya futi aiweke juu kabisa ya kichwa, pale ambapo mwanamke anayejitwika ndoo huikalisha kata yake, kisha aiteremshe ikifuata mviringo wa kisogo na shingo mpaka mahali unapotaka nywele zikomee. Kwa mwanamke wa kimo chako, kutoka hapo hadi mabegani huwa inchi 11 mpaka 13, hadi usawa wa kwapa ni kama 16 au 17, na hadi kiunoni ni kama 24 au 25. Dada mwenye kimo cha futi tano na inchi nane ataongeza inchi kadhaa katika kila kituo, na ndiyo maana picha ya mwanamitindo mrefu aliyevaa inchi 22 haiwezi kukuambia chochote juu ya mgongo wako.

Hapo utaniuliza: kama kiuno changu ni inchi 24, mbona wigi la 22 limekipita? Jibu liko kwenye mshono. Wapo watengenezaji wanaopima kuanzia juu ya kichwa kama nilivyoeleza, na wapo wanaopima nywele kuanzia kwenye uzi zilikoshonewa, halafu wanaandika namba hiyohiyo kwenye mfuko. Katika wigi la namna ya pili, mstari wa chini kabisa unashonwa ukosini, kwa hiyo inchi zake 22 zinaanza kuhesabiwa chini ya kisogo na si utosini, na nywele zinashuka inchi nyingine sita au saba zaidi ya ulivyotarajia. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja tu: "Umepima kuanzia wapi?" Akijibu kwa kusitasita, mwambie akutumie picha ya wigi likiwa limelazwa mezani, futi ikiwa juu yake.

Sasa, wigi ulilonalo usilirudishe. Wigi refu lina dawa, fupi halina. Lipeleke kwa msusi anayejua mkasi, ulivae, usimame, naye akukatie nywele zikiwa kavu, akiacha inchi moja ya akiba anapokata mara ya kwanza. Usimruhusu alikate likiwa juu ya kichwa cha plastiki, maana kichwa hicho hakina mabega. Kwa mwalimu anayeandika ubaoni na kuinamia madaftari kutwa nzima, mimi ningelisimamisha inchi mbili juu ya bega.

*Dada, nilinunua wigi la nywele za kujikunja, mfuko umeandikwa inchi 18, lakini nikilivaa linaishia mabegani. Mwenzangu ana la inchi 18 lililonyooka na linamfika chini ya kwapa. Je, nimepunjwa? Mimi ni muuguzi, Tanga.*

Huenda hukupunjwa. Chukua kishungi kimoja cha nyuma, kishike kwenye mzizi kwa mkono mmoja, kivute taratibu mpaka kinyooke, halafu upime. Kikifika 17 na nusu au 18, muuzaji hana deni lako, kwa sababu nywele zote hupimwa zikiwa zimenyoshwa, na mkunjo hula urefu. Mawimbi mapana hula inchi 1 au 2, mikunjo ya kawaida hula 3 mpaka 5, na zile za kipilipili zinaweza kula nusu nzima ya kilichoandikwa. Kwa hiyo anayetaka mikunjo inayofika kwapani asiagize 17. Aagize 20 au 22, na akiwa mpenzi wa kipilipili aende mbali zaidi.

Kuna jambo hukuliuliza lakini kazi yako inanilazimisha niliseme. Urefu unaoishia begani kabisa ndio unaosumbua kuliko yote. Nywele zinagonga bega na kujipinda kwa nje, zinasuguana na kola ya sare kila ukigeuza shingo, na baada ya wiki chache sehemu ya ukosini inakuwa fundo moja lisilopitisha kitana, hasa kama wigi ni la nyuzi za plastiki. Ama uwe juu ya bega kwa upana wa vidole viwili, ama uvuke kwa inchi tatu na kuzibana kazini. Na wale wenye mawigi ya plastiki wanaosimama mbele ya jiko au kufungua sufuria ya ubwabwa unaotokota wafahamu kwamba mvuke ule unazikunja ncha za mbele zikawa kama zimeunguzwa, wala hakuna mafuta yatakayozirudisha.

*Shikamoo. Mama yangu ana miaka 61 na mwezi ujao anaanza dawa za saratani. Ameambiwa nywele zinaweza kutoka. Anataka wigi linalofanana na nywele zake mwenyewe ili wajukuu wasishtuke. Nimpime sasa au nisubiri? Na urefu gani unafaa? Mwanza.*

Marahaba, na umfikishie mama salamu zetu na dua zetu. Mpime sasa, akiwa na nguvu na nywele zake zikiwa kichwani, kwa sababu mbili. Kwanza, kwa dawa zile zinazotoa nywele, na si dawa zote za saratani zinazofanya hivyo, nywele huanza kupukutika wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, na huo si wakati wa kuzunguka madukani. Pili, msusi ataona rangi, mkunjo na mwelekeo wa nywele zake halisi. Mpige picha nne: mbele, nyuma na kila upande.

Kumbuka lakini kwamba kichwa kisicho na nywele ni kidogo kuliko unavyokipima leo, kwa nusu inchi au zaidi, hivyo ukisimama kati ya saizi mbili chagua ndogo, na uhakikishe mikanda ya nyuma inaweza kukazwa. Kwa nywele za mama wa umri wake zilizozoea kukatwa fupi, inchi 8 mpaka 10 zinatosha, na nisingependa uvuke 12 hata akiwa na nywele ndefu sasa. Sababu ni uzito. Nywele zinazoning'inia huvuta kikofia cha wigi, yaani kile zilikoshonewa, kuelekea nyuma, na kichwa kisicho na nywele hakina cha kukizuia kisiteleze. Mgonjwa anaishia kulirudisha mbele kila dakika tano mbele ya wageni. Ujazo, yaani wingi wa nywele kwenye wigi, nao uwe mwepesi. Wauzaji huuandika kwa asilimia, na 130 inatosha kabisa, ilhali 180 au 250 ni mzigo na joto bure. Chini ya wigi avae kikofia chepesi cha pamba, si cha nailoni, na gundi ya kubandikia leisi, ule wavu mwembamba wa mbele ya wigi, asiikaribie bila kumwuliza daktari wake, kwa kuwa ngozi wakati huo huwa nyepesi kuudhika. Kama mama ni mtu wa kilemba au mtandio, mtafutie wigi lenye nywele nzuri mbele tu. Sehemu iliyobaki itafunikwa.

*Hujambo dada. Hapa Nairobi wigi la inchi 14 la nywele za binadamu naweza kulimudu, lakini la 30 bei yake ni kama nauli ya ndege. Je, tofauti hiyo ni halali, au tunatozwa kwa ajili ya tamaa zetu?*

Sijambo. Sehemu kubwa ni halali, na hesabu yake ni rahisi. Nywele za mtu hukua kwa wastani wa nusu inchi kwa mwezi, yaani inchi 6 kwa mwaka. Aliyetoa nywele za inchi 14 alizifuga kwa miaka miwili na miezi minne hivi. Aliyetoa za inchi 30 alizifuga kwa miaka mitano bila kuzikata wala kuziharibu, na watu wa namna hiyo ni wachache, wakati viwanda vinavyozitafuta, vikiwemo vile vya mji wa Xuchang nchini China ambako biashara hii imejikita, ni vingi. Kodi nazo zina mkono wake. Hapa kwetu Tanzania bajeti ya mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi ya kutoka nje na asilimia 10 kwa yanayotengenezwa nchini, na kila asilimia huuma zaidi bei ya awali inapokuwa kubwa.

Sehemu isiyo halali iko kwenye ncha. Mafungu mengi ya nywele yana ndefu na fupi zilizochanganywa, na namba iliyoandikwa ni ya zile ndefu peke yake. Likiwa la inchi 14 huwezi kugundua, lakini kwenye 30 utaona juu pamejaa na chini pamebaki nyuzi za kuhesabika, kama mkia wa mbuzi. Msusi atazikata inchi nne zile nyembamba ili wigi lipendeze, nawe utakuwa umelipia 30 na kuvaa 26. Yapo mafungu ambayo nyuzi fupi zimeondolewa kwa mkono, na hayo ni ghali zaidi kwa uzani, lakini ncha zake ni nene kama mizizi. Ukiwa na fedha za wigi moja tu, chukua la inchi 20 la namna hiyo badala ya 30 iliyochujuka.

Lifikapo, lipime kabla hujaligusa leisi kwa mkasi, kwa sababu leisi ikishakatwa hakuna muuzaji atakayelipokea tena. Lilaze mezani, tafuta katikati ya kikofia kwa juu, weka hapo ncha ya futi, nyosha kishungi kimoja na usome. Ikipungua kwa nusu inchi usigombane naye. Ikipungua kwa mbili, piga picha futi ikiwa mahali pake na umtumie siku hiyohiyo.